Mikanda ya Kiti cha Nyuma

Soroti, saa moja asubuhi. Asekenye ameleta beseni,
maji vuguvugu, sabuni ya kipande aliyoikwangua kwa kisu.
Jiki haigusi. Jiki hung'arisha, kisha hula uzi kimyakimya.

Mkanda wa rubani umenyonya jasho la wanafunzi kumi na saba,
chumvi imechora ramani begani.
Hausugui. Anaupapasa,
kidole kikifuata mshono
kama asomaye jina juu ya kaburi.

Ndani ya bizimu la nyuma: vumbi jekundu
na nusu ya karanga.
Nani alikuwa akitafuna karanga juu ya Ziwa Kyoga?
Anapuliza. Anafunga, ta. Anafungua, ta.
Tena, mpaka sauti iache kusitasita.

Kisha, shubiri moja kutoka kwenye ndoano,
nyuzi tatu zimekatika.

Tatu tu.
"Utatufikisha Moroto na kurudi," asema Kapteni Ochwo.
"Na nyuma sipakii mtu. Ni magunia."

Magunia ya leo. Kesho je?
Asekenye hajibu. Anachukua mkasi,
anaukata mkanda katikati
usije ukafufuliwa na mwenye haraka.

Iliyo mizima anaianika kivulini, chini ya bawa,
kwa kuwa jua nalo ni mwizi.
Kapteni anatia sukari kwenye chai, haikorogi.

Jioni, kipande kirefu kinamfunga ndama wa mama yake.
Ndama anavuta. Anavuta.
Asekenye, bakuli la atapa mkononi,
anautazama mshono.