Nyuzi Sabini na Mbili

Mwili wake ni kopo la mafuta ya kupikia,
magurudumu ni soli ya kandambili iliyokatwa mviringo.
Mota mbili zimetoka kwenye redio ya kaseti
ya marehemu baba yake Kashindye,
na betri tumeiazima kwa fundi pikipiki, stendi ya Sikonge,
kwa sharti moja: irudi kabla ya magharibi.
Ubongo ndio pekee tulionunua,
kibao cha kijani kisichozidi kiganja.
Mkuu wa shule bado anadai risiti.

Mkiani, kipande cha chaki.

Darasa la Saba walimwita Mgambo,
kwa kuwa hufuata amri bila kuuliza.

Miaka kumi na mmoja nimeandika ubaoni:
pembe ya ndani ya pembetano sawa, nyuzi mia na nane.
Wameinakili, wameikariri, wameisahau,
nami nimepita na kalamu nyekundu
kama mtu anayepigilia misumari
kwenye mlango usio na nyumba.

Basi Mihayo, wa kwanza kila muhula,
akabonyeza kwa kidole kimoja:

RUDIA 5
NENDA 40
GEUKA 108

Mgambo akaenda. Akageuka. Akaenda.
Upande wa nne ukaukata wa kwanza,
wa tano ukapotelea huko kwenye dawati,
sakafu ikabaki na kitu
kama uzio uliopitiwa na ng'ombe.
Darasa likaangua kicheko.
"Mashine mbovu," Mihayo akasema,
na mimi, Mungu anisamehe,
neno hilohilo lilikuwa limeshafika mdomoni.

Nyuma kabisa, Nyanzobe akavua viatu.
Huyu ndiye aliyepata sita kwa mia mwezi wa tatu;
huyu ambaye msimu wa tumbaku
hupanga majani kwenye fito, bani la baba yake,
ngapi kwa ufito, fito ngapi kwa bani,
na hakuna aliyewahi kumwambia kuwa ile ni hesabu.

Alisimama juu ya mstari wa chaki.
Akatembea upande mmoja, unyayo kwa unyayo,
hadi konani. Akatulia.
Uso bado unatazama mbele, ukutani,
kule ambako angekwenda kama kona isingekuwepo.
Kisha akageuza mabega, polepole,
kama aliyeitwa na mtu asiyetaka kumwona.

"Mwalimu, hiyo mia na nane
anaiona aliyekaa ndani.
Mimi niko njiani. Nageuka kidogo tu,
kile kilichobaki kwenye mstari."

Kilichobaki.
Mia na themanini, toa mia na nane.
Vidole vyake vilihesabia shavuni, midomo ikicheza.

GEUKA 72

Upande wa tano ulirudi, ukaugusa wa kwanza.
Si sawasawa; walipishana upana wa punje ya mchele
kwa sababu soli ya kushoto imelika.
Hakuna aliyeshangilia mara moja.
Mihayo alipiga magoti na kipimapembe chake cha plastiki,
akapima kona ya kwanza, ya pili,
ya tatu hakuipima.

"Na akigeuka nyuzi moja?" akauliza, bado yuko chini.
"Hatua ndogo, nyuzi moja, mara mia tatu na sitini?"

Jibu nilikuwa nalo. Lipo kitabuni, kurasa mbili mbele,
na mkono wangu ulishaanza kwenda ubaoni.
Nikautia mfukoni.
"Sijui," nikasema. "Mwulizeni Mgambo."

Alianza vizuri, akijikunja kidogokidogo,
na wao wakihesabu kwa sauti moja, tisini, mia, mia na hamsini,
mpaka kijana wa fundi akatokea mlangoni
na mikono yenye grisi: jua linazama, betri.

Tulimpa.

Asubuhi, zamu ya usafi ilikuwa ya Darasa la Tano.
Nilikuta wamefagia pembe zote za chumba,
wamemwagia maji, wamepanga madawati,
na katikati, pakavu, pameachwa mzingo wa chaki
uliofika mia mbili na kumi na nne.
Kando yake, jozi ya viatu.
Mtu alikuwa anautembea uliobaki.