Kauri na Kauli

Bi Kazija kashuka na meli ya Mkoani,
mitungi miwili, kila mmoja na kanga yake.
"Jozi," anasema, anaiweka mezani pangu Mkunazini
kati ya saa zisizokwenda na mizani ya marehemu baba.
"Niambie umri. Bei baadaye."

Cha kale hakiulizwi kwa pupa.
Nanawa, nakausha, navua pete.
Wa kwanza nausogeza shavuni:
kauri ya kweli ni baridi hata mchana wa kaskazi.
Naupindua. Wengi hutazama maua, mimi kitako,
maana uso hupakwa poda.
Ukingo wa chini ni udongo mtupu,
umesagika kwa miaka ya kusogezwa kidakani,
umekula chokaa ya ukuta, umekuwa rangi ya jino la kizee.
Nyufa zake, nyembamba kama nywele za mtoto,
zina vumbi lililoingia lenyewe,
chembe leo, chembe mwakani.
(Nimeziona zilizochemshwa kwa majani ya chai
zikazeeka usiku mmoja. Hizo hunuka jiko.)
Dhahabu ya masikio imefutika
pale tu kidole gumba kinapokaa.
Naweka lenzi jichoni: hakuna vitone vya mtambo,
ni brashi, imeshiba, ikapungua, ikachovywa tena,
na ndege wa mkia mrefu tusiyemjua huku
juu ya ua lisiloota huku.
Nagonga kwa ukucha.
Ngiiii.
Sauti inafika mlangoni, inarudi na salamu.

"Huu," nasema, "umemzidi umri babu wa babu yako."

Naushika wa pili.
Rangi imekaa juu kama jasho, haikuzama.
Dhahabu nzima, hakuna aliyethubutu kuishika.
Kitako kimepigwa msasa, mikwaruzo yote yaelekea upande mmoja;
miaka haisugui hivyo,
miaka haina mkono wa kulia.
Ndege ana mkia mrefu, naam, lakini kichwa ni cha kwetu,
na tawi alilokalia (nasogeza taa, nasogeza tena)
ni shada la karafuu, bichi,
bado siku mbili lichumwe.
Nagonga.
Tok.
Kama mlango wa jirani asiyetaka wageni.

Baba alinifunza kupima chombo.
Kumwambia mwenye chombo, hakunifunza.

"Bi Kazija…"
"Sema. Sikuja kufarijiwa."
"Huu kauchora mtu wa Pemba,
kwa rangi ya kupakia milango.
Yapata miaka arubaini."
"Arubaini na mbili," anasema.

Alikuwa akiondoa utando wa buibui, mkono ukateleza.
Vigae alivizika mgombani kabla mume hajarudi.
Mume akarudi, akala, akatazama ukuta,
akaomba maji ya kunawa.
Mwezi wa pili mtungi ulikuwa mahali pake,
na vidoleni mwa Saburi, karani wa karafuu,
buluu haikutoka mpaka Idi.
Hakumuuliza. Hakuulizwa.
Kila Ijumaa alipangusa yote miwili,
na kila Ijumaa ukucha wake ulijua.

"Nilitaka kujua kama mgeni ataona."
"Ataona."
"Upesi?"
"Akiwa na jicho, kabla chai haijapoa."
Anacheka, anajifuta puani kwa ncha ya buibui.
"Masikini Saburi. Na alivyojitahidi na ule mkia."

Wa kale ananiachia niuze, paa la Wete linavuja.
Wa pili anaufunga kwa kanga zote mbili,
kisha anataka cheti.
"Cha huu?"
"Kwani ule unakihitaji? Si unajisemea?"

Nachukua karatasi yenye muhuri wa baba.
Mtungi wa kauri. Umechorwa kwa mkono. Wete.
Kwenye *halisi* kalamu inasita,
ananitazama, inaandika.
Kwenye *bei* napiga mstari.
"Andika na ndege."
"Kurumbiza?"
"Chozi," anasema. "Ndiye aliyekuwa akija dirishani."