Tundu Kwenye Uzio

Oktoba, Friesland. Manyunyu tangu alfajiri.
Tjitske amepindua kreti ya matufaha,
kaizungushia matofali, juu katandika turubai,
ndani kajaza majani makavu,
yale yale ambayo marehemu mumewe
hakuyaruhusu kulala chini hata usiku mmoja.

Mlango: kiganja na vidole viwili, basi,
paka wa watu asijialike.

Lakini kalunguyeye hatosheki na bustani moja.
Hutembea usiku kucha, akikoroma
kama mzee anayetafuta miwani,
na uzio wa Wiebe umegusa ardhi.

Miaka sita hawajasalimiana, kisa mpaka.
Akaenda, akabisha.
"Naomba tundu."
"La nini?"
"La mgeni mwenye miiba."
"Mbali na wewe?"

Mchana msumeno ulilia kidogo,
ukanyamaza.

Sasa maji ya kisahani yameganda.
Majani ya mlangoni yamevutwa ndani,
na humo mna pumzi moja,
kisha kimya kirefu cha kutia hofu,
kisha nyingine.

Tjitske anapita na soksi tupu
kwenye bustani yake mwenyewe.
Upande wa pili
mtu amepunguza redio.