Jina la Kanga

Buti zake hulala ukumbini, zimeelekea njia.
Shaame naye hulala vivyo hivyo,
uso mlangoni, mkono mmoja chini ya mto
kama aliyeficha kitu.

Tangu moto wa Machomane
sianiki kanga uani.
Nimezikunja, doti kwa doti,
nimezitia sandukuni pamoja na makonyo ya karafuu.
Nguo za watoto naanika kwa jirani,
namwambia uani kwetu jua halifiki.
Linafika. Anajua linafika.
Hajaniuliza.

Ya usiku ule nayajua kwa vipande,
kama mtu aokotavyo shanga chini ya kitanda:
kwamba gari lilifika na maji ya dakika nne;
kwamba bomba la mtaani lilikohoa, likatema kutu;
kwamba mtu alipiga kelele, "Zimamoto gani nyinyi!"
na jiwe likampata Faki begani;
kwamba Shaame aliingia, akatoka
na kitu kimefungwa kwenye kanga,
chepesi,
na kanga nzima. Haikuungua hata pindo.

Hayo kanambia Faki, si yeye.
Yeye alirudi alfajiri, akaoga mara tatu,
akauliza kama mkate umekwisha.

Wiki ya pili, samaki wa kuchoma alimshinda.
Mwezi wa pili, Nasriya aliangusha sufuria;
kufumba na kufumbua baba yake keshampakata,
yuko naye barabarani, miguu chini, kifua wazi,
majirani wanatizama.
Mtoto akacheka, akidhani ni mchezo.
Kisha akauona uso.

Mama mkwe akaleta kombe la zafarani.
Tukalinywa sote, na wala sikudharau:
usiku ule alilala masaa matano, niliyahesabu.
Lakini sahani ilikuwa moja, na siku ni nyingi.

Ndipo Faki, yule wa jiwe, akaja na pikipiki.
"Shemegi, mie nakwenda Jumatano hospitali,
kwa Bi Bikombo, chumba cha mwisho ukishapita meno.
Sisemi sana. Siku ya kwanza nilihesabu vigae tu."
Shaame akasema yeye si mwendawazimu.
"Na mie je?" akauliza Faki,
akaendelea na chai yake.

Jumatano tukenda.
Nilibeba cheti chake, chupa ya maji, kofia yake,
nikakaa pembeni, msindikizaji.
Bi Bikombo akaandika, akaandika,
kisha akageuza kiti. Si kwake. Kwangu.
"Na wewe, mwanangu,
mara ya mwisho kulala usingizi wako ni lini?
Si wa kumlinda. Wako."

Nikafungua mdomo nimwambie mie mzima.
Kilichotoka sicho.

Shaame akanitizama
kama aliyesikia ukuni ukilia
kwenye nyumba aliyodhani keshaizima.

Sisemi amepona. Jumatano nyengine haendi,
anakwenda Tibirinzi kutizama mpira
na ukimuuliza nani kafunga, hajui.
Nyengine tunakwenda, tunarudi kwa miguu;
kwenye njia panda anashika ile ndefu, isiyopita pale,
nami naishika naye.

Juzi umeme umekatika, watoto wamelala,
akasema gizani:
"Ile kanga ilikuwa na jina."
Nikanyamaza. Bi Bikombo kanifunza kunyamaza
bila ya kuondoka.
Akalisoma. Maneno matatu,
ya kawaida, karibu ya kuchekesha,
kanga ya kuvaliwa jikoni.
Akalirudia, taratibu,
kama anayemfundisha mtoto herufi.
Sitaliandika hapa. Ni lake, na la mama yule.

Asubuhi nikafungua sanduku,
nikachagua moja ya zamani,
jina limepauka halisomeki,
nikaianika uani, inatona.
Alitoka na mswaki mdomoni. Akasimama.
Nikasimama na mimi, kibanio mkononi.
Akainama, akasogeza buti zake
maji yasizidondokee.
Zamu yake inaanza saa moja.