Hesabu ya Jumapili

Kazi yangu ni kuhesabu. Maabara ya Bombo, zamu ya usiku,
feni moja, darubini moja,
na mashine nisiyoiamini ikishapita saa sita.

Jumatatu: mia mbili na arobaini.
Mzee Singano, nyonga iliyovunjika, kitanda cha tatu, mahututi.
Jumatano: mia mbili thelathini na moja. Nikagonga muhuri.
Jumamosi: mia na kumi na nane.
Jumapili: sitini na mbili.

Nikasema mashine imelewa. Nikapaka tone kwenye kioo,
nikatia rangi, nikainama.
Chembe sahani, vile vivumbi vya zambarau
vinavyokimbilia kila jeraha kuliziba,
zilikuwa kama punje za ungoni kuku akishapita.

Chembe zikipungua, mtu huvuja. Ndivyo tulivyofundishwa.
Nikapanda ngazi kuuliza: anavuja wapi?
"Popote hapana," akasema Sista Mwanakheri,
akafunua shuka.
Mguu wa kushoto, rangi ya bilinganya,
baridi kama komeo la lango.

Alisokota kamba za mkonge miaka ishirini na minane, kule Pongwe.
Aliniambia siku moja nikimtoa damu:
"Kamba ukiisokota kupita kiasi, binti yangu,
haingoji mtu aipige fundo.
Hujipiga."

Na sisi, asubuhi na jioni, kwa nia njema,
tulimchoma heparini tumboni, damu isigande.
Mwili ukaiona dawa imekumbatiana na protini ya nyumbani,
mgeni na mwenyeji ndani ya kanzu moja,
ukawapiga wote.
Chembe zikataharuki, zikashikana,
zikaenda kuziba pasipo na tundu.
Namba ilikuwa ndogo
kwa kuwa wote walikuwa kazini.

Saa tisa na robo nikampigia Dakta Shemhilu.
"Heparini. Isimamishwe."
"Damu inaganda, nawe wataka niondoe kinachozuia?"
"Alianza lini?"
Nikamsikia akihesabu kwa vidole.
"Leo ya saba."
"Basi na ile ya kusuuzia mpira wa mshipani."
Akanyamaza.
Ile hakuna aliyekuwa akiiita dawa.

Dawa mbadala ilipanda basi la alfajiri kutoka Dar,
ndani ya begi la mwanafunzi, kati ya madaftari.
Vidole viwili vya mguu havikuisubiri.

Jumatano: sabini na moja.
Jumapili: mia na nne. Niliirudia mara tatu,
si kwa shaka. Kwa utamu wa kuihesabu.

Nilimwandikia kadi kwa mkono wangu:
HEPARINI KAMWE, HATA TONE.
Ameitundika shingoni kwa uzi wa katani
aliousokota palepale kitandani, juu ya paja zima.
Nikaugusa, nikamwambia umelegea.

"Najua," akasema. "Uache hivyo hivyo."