Batilifu

Chumba changu cha tafsiri kiko nyuma ya Kisutu, ghorofa ya pili.
Kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo ya rangi,
kamusi nimeifunga plasta mgongoni mara tatu.
Elfu saba ukurasa. Mhuri bure.

Bi Havijawa ameketi bila kuegemea kiti.
Barua ya wakili ameishika kwa upindo wa kanga
kama mtu anayeepua sufuria.
"Nimesomewa yote na mjukuu wa jirani, kakwama hapa.
Voidebo. Hiyo voidebo ndiyo nini, mwanangu?"

Miaka kumi na tisa nimelitafsiri neno hili
kwa kiapo, kwa haraka,
bila kulitazama usoni.

Kuna batili, namwambia. Batili ni yai viza:
ulivunje, usilivunje, kifaranga hamna.
Mtu akikuuzia daraja la Kigamboni kwa risiti,
hiyo ni batili, imezaliwa maiti, haingoji muuaji.
Lakini wakili wako hakuandika hivyo.
Wenye lugha yao wameongeza herufi nne,
sisi tumeongeza silabi moja mkiani.
Batilifu.

"Fu," anasema, kama anayezima kibatari.

Ndiyo, fu. Ile ya msahaulifu,
ambaye saa hii anakumbuka kila kitu, ila mpe funguo uone.
Ile ya chombo kivunjifu
kilichokaa kizima kabatini tangu harusi.

Karatasi yenyewe ni ya kiwanja cha Chanika,
hatua ishirini kwa thelathini, mikorosho miwili.
Shomvi, mpwa wake, alikuja magharibi, watu wanatawadha,
akasema, shangazi, ni fomu ya umeme.
Akamshika dole gumba, akalichovya, akalibonyeza,
akalifuta kwa leso yake mwenyewe.
"Alinifuta vizuri mno," anasema. "Hapo ndipo ningejua.
Na umeme kweli ukaja. Kwake."

Kisha: "Sasa kiwanja kimeuzwa, au hakikuuzwa?"

Kimeuzwa.

Anainuka.

Kaa, bibi. Kimeuzwa mpaka useme hakikuuzwa.
Mkataba umesimama, umevaa viatu, unatembea mjini,
lakini kamba ya shingoni mwake umeachiwa wewe.
Shomvi hana kamba. Aliyedanganya hapewi.
Ukienda mbele ya hakimu ukavuta, unaanguka,
unaanguka mpaka siku ile ya wino, kama haukuwahi kuwapo.

Ila usikae nayo mkononi.
Hiyo elfu hamsini anayokuletea kila mwisho wa mwezi,
ulipoipokea hujui, si neno.
Ukiipokea unajua, neno linaota mizizi.
Siku moja utaamka fu imedondoka,
na batili imeondoka nayo,
umebaki mkataba tu, mzima, wenye afya.

Ndoo imejaa. Naenda kuimwaga.
Sinkini nasimama zaidi ya inavyohitaji ndoo moja.
Mhuri wangu una jina la ukoo wa mtu
aliyesema anakwenda Tunduma mara moja
mwaka ambao barabara ya Jangwani ilifungwa kwa maji.
Kila siku naubonyeza. Unasoma vizuri.

Nikirudi, amekwisha kuvaa ndara.
"Ni mtoto wa marehemu dada yangu," anasema.
"Mimi ndiye niliyemnyonyesha."
Sheria haina kivumishi cha hilo. Nimekaa kimya.

"Niandikie neno hilo. Peke yake. Kwa kalamu nene."

Naandika. Analitazama kinyumenyume, halafu sawasawa,
analikunja mara nne, analifunga fundo la kanga.

Mwezi huu ameshaleta? namuuliza.

"Kesho," anasema, "ndiyo analeta,"
na anaweka elfu saba juu ya kamusi,
ukurasa mzima kwa neno moja,
na nikimrudishia ananikazia macho
mpaka nakumbuka kumpigia mhuri.