Kielelezo Namba Saba

Ufunguo wa chumba hiki ninao mimi,
nyuma ya masijala, mahakama ya Busia.
Afisa Emojong wa wanyamapori alileta gunia usiku,
buti zimejaa tope la mpakani.
Tukalipima kwa mizani ya mahindi:
kilo nne na robo, magamba makavu.
Nikaandika. Nikaziba kwa lakiri.

Kesi imetajwa mara tisa.
Wakili ana homa. Hakimu yuko semina.
Shahidi wa kwanza, wa bodaboda, amehamia Mbale;
wa pili, aliyeapa kwamba aliona,
sasa asema kulikuwa giza.

Na mnyama mwenyewe tulimwita kakakuona.
Kaka, uliona nini?
Alijikunja akawa mviringo, akangoja,
maana simba hutafuna gamba akachoka akaenda zake.
Mtu humwokota tu, kama boga shambani.

Leo Emojong amerudi, mara ya kumi,
shati limepigwa pasi, faili kwapani.
"Gunia lipo?"
Lipo. Nimelitegea panya mitego miwili.
Nimelipima tena asubuhi:
halijapungua hata gamba moja.

"Basi," akasema,
akaketi kwenye benchi, kofia magotini,
akisubiri jina liitwe.